Pembe Nane za Bati

Kibandani, Babati

Vero mwanangu,

Salamu utazipata kwa mdomo kesho alfajiri, kwa hiyo humu sizipotezei wino. Mambo ya blanketi, ya kugawa nauli mifuko miwili na ya kutokula vya barabarani nayo nayaacha. Mama yako ameshakwambia mara tatu tangu asubuhi, na ninavyomfahamu, mara ya nne inakuja wakati wa chakula. Mimi nimekaa kibandani, ni saa kumi jioni, nimefunga mlango mmoja nikaacha mmoja. Karatasi nimeiweka juu ya kihenge kipya cha mahindi cha Mama Ombeni kwa sababu ndiyo meza pekee iliyo wazi humu ndani. Ukiona mwandiko unayumba, ni bati linalobonyea, siyo machozi. Ingawa siahidi.

Nina neno nimekaa nalo karibu miaka miwili. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo likanishinda. Mara ya mwisho ilikuwa juzi, tulipokuwa tunapeta maharage uani. Nikakohoa ili nianze, ukaniuliza kama nataka maji, nikasema ndiyo. Basi nikanywa maji. Ndiyo maana naandika.

Nianzie mbali, kwenye mbaazi.

Ulikuwa darasa la pili, shule zimefungwa, na mama yako amekuleta hapa ili apate kupumua. Ulikaa juu ya debe nililoligeuza, miguu haifiki chini. Maswali yako yalikuwa mengi mpaka nikaona nikupe kazi. Nikakukunjia koni ya bati iliyozibwa nchani, na kopo lenye mdomo uleule na kimo kilekile. Nikakuuliza, hii koni ukiijaza mbaazi na kuzimimina kwenye kopo, kopo litajaa mara ya ngapi? Ukasema mara ya pili. Ukamimina ya kwanza, ukamimina ya pili, ukachungulia, ukaninunia. Ya tatu ikajaa, sawasawa na mdomo wa kopo, bila mbaazi hata moja kumwagika.

"Baba, kwa nini tatu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nani kasema?"

"Mzee Bura."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

Nikakutuma ukanawe mikono.

Mzee Bura humkumbuki, alifariki ukiwa bado unabebwa mgongoni. Ndiye aliyenipokea shule iliponishinda Kidato cha Pili. Alikuwa Mgorowa kama sisi, mkali, mwenye vidole vyenye makovu mengi kuliko vyangu, na alitengeneza vihenge vya bati wakati watu wengi huku bado wanaweka mahindi darini yakaliwa na dumuzi. Nilimgongea nyundo miaka mitano. Alikuwa na sheria moja ambayo nimekusimulia mara nyingi, lakini ngoja niirudie kwa sababu barua hii yote inasimama juu yake. Kila kihenge hugongwa alama ya fundi karibu na mdomo, vitundu vidogo kwa msumari butu. Ya kwake ilikuwa nukta tatu. Nikimaliza kihenge ambacho nimekata mimi, nimekunja mimi na kulehemu mimi, yeye alikuja akagonga nukta zake tatu. Siku moja nikamuuliza kama hiyo ni haki. Akanijibu, "Alama ni ya aliyepima, siyo ya aliyegonga." Mwaka wa tano akanipa futi na chaki akaniambia pima mwenyewe. Nilipomaliza akanikabidhi msumari. Nikagonga mstari mmoja na nukta mbili, nikaenda nyumbani kwa mguu mpaka Mutuka bila kuona njia.

Sasa turudi kwako. Likizo yako ya kwanza ya Kidato cha Tano ulishuka stendi ukaja moja kwa moja hapa, tranka bado liko mkononi, nyumbani hujafika. Hukunisalimia hata shikamoo. Ulisema, "Baba, nimejua kwa nini tatu."

Ilinichukua muda kuelewa unazungumzia nini. Wewe ulikuwa umeshachukua chaki yangu, ukachora koni iliyolala ubavu juu ya bati jipya ambalo sikuwa nimelikata. Ukaniambia niikate vipande vyembamba, kama chapati zilizopangwa, ya kwanza ndogo kama sarafu na ya mwisho pana kama mdomo wa koni. Kila ukienda mbali na ncha, eneo la chapati linakua kwa mraba wa umbali ule. "Sasa zijumlishe zote, Baba. Hiyo ndiyo integresheni. Ni kujumlisha tu, ila vipande ni vyembamba mno huwezi kuvihesabu kimoja kimoja." Ukaandika x na kipeo cha mbili. Ukasema tukijumlisha, kipeo kinapanda kinakuwa tatu, halafu tunagawa kwa hiyohiyo tatu. Ukaizungushia duara. "Tatu yako hii hapa."

Nilisema, "Kumbe." Nadhani ndilo neno pekee nililosema. Lakini mwanangu, siku ile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Miaka kumi ulikuwa unatembea na swali langu, ukaenda nalo shule ya msingi, ukaenda nalo sekondari, na ulipolipatia jibu hukumpelekea mtu mwingine. Bati lile sikulifuta. Nililisimamisha nyuma pale kwenye ukuta, nikawa nakata mengine, mpaka yote yakaisha nikabaki nalo peke yake. Nililikata nikiwa nimenuna, na mama yako akaniuliza nani kanikosea.

Ndiyo maana la Desemba linaniuma zaidi. Kama ungekuwa mtoto asiyenijali, nisingekuwa na kitu cha kuvunja.

Desemba ulirudi na karatasi umeikunja mara nne. Kibandani palikuwa na watu: Mama Ombeni wa Sigino, Mzee Safari wa Singe, na wengine wawili waliokuja kupima mabomba ya maji ya mvua. Ungesubiri waondoke, lakini ulikuwa na haraka ya furaha, na haraka hiyo najua umeirithi kwangu. Ukasema, "Baba, kihenge chako kinakula bati bure."

Watu wakanigeukia. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwenye zile shingo zilizogeuka. Sikusikia hesabu, nilisikia shingo.

Ukaeleza. Vihenge vyangu vilikuwa vyembamba na virefu, kipenyo sentimita sitini, kimo mia na themanini na moja, kirefu kuliko mimi. Ukasema kwa ujazo uleule wa karibu gunia nne, kihenge kikiwa kinene ukuta unapungua lakini kitako na kifuniko vinaongezeka, na mahali fulani katikati pana kipimo kimoja ambapo bati limeacha kupungua na bado halijaanza kuongezeka. Pale mabadiliko ni sifuri. Difrensiesheni ndiyo inayopatafuta. Ukasema umepatafuta, na jibu ni kimo kuwa sawa na kipenyo.

Mama Ombeni akasema, "Hicho ni kihenge au sufuria?" Wakacheka. Mimi ningeweza kunyamaza. Nikachukua mduara wa kitako niliokuwa nimetoka kuukata, nikainua na zile pembe nne zilizobaki chini, nikazishika juu watu wazione. Nikasema, "Na hizi nazo nizile na ugali? Binti yangu amesoma mpaka amesahau kuwa mduara unakatwa kwenye mraba."

Walicheka sana. Mzee Safari alipiga mguu chini. Wewe ulikunja karatasi mara mbili, kisha mara nne, kama ilivyokuja. Ukasema, "Sawa, Baba." Ukaenda nyumbani.

Nikueleze nililokuwa nalijua na nililokuwa silijui siku ile. Nilijua tundu la hesabu yako. Ulihesabu miduara peke yake, na fundi hanunui miduara, ananunua bati la pembe nne. Hilo lilikuwa kweli. Lakini jibu sahihi mimi sikulijua. Sikujua hata kama liko karibu na lako au mbali. Nilichokuwa nacho ni tundu tu, na badala ya kukuita pembeni nikuonyeshe, nililitia kidole mbele za watu.

Basi ukaacha. Hukununa, ningejua la kufanya na mtu aliyenuna. Ulinisalimia, ulinipakulia chakula, ulinifulia koti. Ila hukunionyesha hesabu tena, na hukukaa tena juu ya debe. Ukija kibandani ni chupa ya chai na kuondoka.

Mwezi wa pili Mzee Safari alikuja asubuhi na mapema, hajanywa hata chai. "Fundi, kihenge chako kimelala." Sakafu yake ilikuwa na mteremko kidogo, na kile kirefu changu, kikiwa kimejaa nusu, kiliegemea kikaegemea mpaka kikaanguka mlangoni. Watoto walikuwa shuleni, Mungu ni mwema. Nilisimama nikayatazama mahindi yamejaa mpaka nje kwenye kuku, nikakumbuka sufuria yako. Sufuria hailali.

Wewe ulikuwa shuleni. Nikaingia ndani nikachukua lile daftari lako la kijani ulilolimaliza ukaliacha juu ya kabati. Naam, nililichukua bila ruhusa. Nikalificha humu ndani ya boksi la misumari, na nikawa nalisoma mchana wateja wakipungua.

Utanicheka, na hapo nakuruhusu. Nilianza na ukurasa ulioandika kwa wino mwekundu, kipeo kinashuka mbele halafu kinapungua moja. Nikafanya x mraba nikapata 2x. Nikaenda nyuma ya kitabu chako cha hesabu kutazama jibu, nikakuta ndilo, nikatoka nje nikanunua soda. Mtu mzima, peke yangu, nikaisherehekea 2x. Kisha nikakwama mwezi mzima kwenye r, ile nusu ya kipenyo, ikiwa chini ya mstari. Kumbe unaipandisha juu na kuipa kipeo cha kutoa moja, na ikishuka mbele inashuka na alama yake ya kutoa. Mimi nilikuwa naisahau ile alama, na kila nikimaliza hesabu naambiwa bati liwe chini ya sifuri. Nilijua bati zimepanda bei, lakini sikutegemea zifike huko. Kwenye pembe ya ukurasa mmoja ulikuwa umeandika kwa herufi ndogo, "Usisahau alama, unasahau kila siku." Ulikuwa unajisema mwenyewe. Nikajisikia nina mwenzangu.

Polepole nikafika kwenye hesabu yako ya kihenge. Niliifanya yote tangu mwanzo, na kimo kikatoka sawa na kipenyo, kama ulivyosema. Nikatengeneza kihenge cha Mzee Safari kwa kipimo hicho. Hakikulala. Akaja jirani yake akataka cha namna hiyo, kisha wa Mutuka, kisha wa Sigino. Akina mama walikuwa wanamimina mahindi bila kupanda stuli. Nami kila kihenge nikagonga mstari wangu mmoja na nukta zangu mbili. Kila nilipogonga nilimsikia Mzee Bura. Nikajiambia ukija likizo nitakueleza. Ukaja, sikukueleza.

Siku ya mahafali yenu mwalimu wako wa hesabu alinivuta kando. Nilidhani ananisifia mtoto. Akasema, "Baba Vero, binti yako anajua kuliko anavyoonyesha. Nikiuliza swali hanyoshi mkono. Nikipita nyuma yake nakuta jibu amelipata, ila ameliandika kwa penseli, hafifu, tayari kulifuta." Akaniuliza kama kuna jambo nyumbani. Nikamwambia hakuna, ni mpole tu wa kuzaliwa.

Mpole wa kuzaliwa, wewe uliyeniuliza Mzee Bura kaambiwa na nani.

Na hata baada ya kuambiwa hivyo, sikujirekebisha. Hili ndilo nililokuwa nakohoa juzi. Msimu wa mavuno alipokuja bwana shamba kuangalia vihenge, akazunguka kimoja, akakipiga kofi, akapiga picha. Akaniuliza, "Fundi, hili wazo umelitoa wapi?" Nikamjibu, "Kichwani tu, mkuu. Uzoefu." Nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni na chupa ya chai. Ukampa shikamoo, akaitikia marahaba. Ukaweka chupa juu ya benchi, ukapanga vikombe viwili, ukaondoka. Jioni ukanipakulia ugali kama kawaida na kipande changu cha nyama ukakiweka juu. Mwanangu, ningependa ungenimwagia huo mchuzi.

Nilikucheka hesabu yako ilipokuwa haijakamilika, na ilipoanza kusifiwa nikaiita yangu. Nimeona aibu kubwa kuliko siku niliyoacha shule, kwa sababu ile ya shule ilinipata na hii niliitafuta mwenyewe.

Baada ya siku ile sikuweza tena kutengeneza kihenge kwa amani. Pembe zilikuwa zinajaa chini ya benchi. Zamani Mzee Bura alizitengenezea vibatari, na kila nyumba ilikuwa na kibatari. Siku hizi watu wana sola, pembe nane za kila kihenge, nne za kitako na nne za kifuniko, ni takataka ya kukata watoto miguu. Nikasema basi, nizihesabu nazo. Nikaacha kuandika eneo la mduara nikaandika eneo la mraba unaouzunguka. Miraba miwili, kila upande ni mara mbili ya r, kwa hiyo 8r². Ukuta ni uleule, 2V/r, V ikiwa ujazo. Nikatafuta mabadiliko, nikakumbuka alama, nikaweka sawa na sifuri. Ikatoka V ni 8r³. Nikakirudisha kwenye kimo, na kimo kikawa kipenyo kimoja na robo na ushee. Kwa kihenge cha gunia nne hiyo ni kipenyo themanini, kimo mia moja na mbili.

Nilikaa chini. Jibu lako lilikuwa themanini na saba kwa themanini na saba, kasoro kidogo. Langu la zamani lilikuwa sitini kwa mia na themanini na moja. Vihenge kumi vya zamani vilikuwa vinakula karibu bati zima la bure, kama ulivyosema mbele ya watu. Kisha nikataka kujua wewe ulikosea kwa kiasi gani. Yaani zile pembe nilizozishika juu wakacheka, zilibadilisha nini hasa. Nikahesabu bati la kihenge chako pamoja na pembe zake, nikatoa bati la kihenge hiki kipya. Tofauti ni kipande cha sentimita kumi na sita kwa kumi na sita.

Nikakikata. Nikakiweka juu ya daftari lako la kijani. Hakikuenea hata ukurasa.

Kwa kipande hicho nilikunyamazisha miaka miwili. Nimekiambatanisha humu ndani ya bahasha, nimekipiga tupa kingo zote kisikukate. Sijui utakifanyia nini. Mimi sikuweza kukitupa na sikuweza kukaa nacho.

Nimefikiria pia kuhusu Mzee Bura, kwa sababu haikuniingia akilini kuwa mtu mwangalifu vile alikosea. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye nyumba yake ya zamani, ile ya udongo, na futi mfukoni. Wajukuu wake wanafugia mbuzi. Nikapima mlango. Sentimita sitini na nne. Alipima mlango, Vero. Nyumba zote za wakati ule zilikuwa na milango hiyo, na kihenge kisichopita mlangoni si kihenge. Halafu milango ikawa mipana, na mimi nikaendelea kukata sitini miaka ishirini bila kumuuliza mtu. Ulipouliza wewe nikakucheka. Mzee angekupa futi.

Nisikufundishe maisha, umeshachoka kufundishwa. Nikuambie tu ninachokiogopa. Kesho unakwenda kusomea hesabu mahali ambapo sitakuwepo, na mkono ambao hauinuki ni mimi niliyeushusha. Huko kutakuwa na walimu na wenzako watakaogeuza shingo. Wengine watakuwa wanajua tundu la hesabu yako bila kujua jibu, kama mimi. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nimekaa na neno hili miaka miwili nikijua maana yake vizuri kabisa. Toa hesabu ikiwa nusu. Tundu likionekana, ndipo pa kuanzia. Zile pembe nane ungeziona mwenyewe kabla ya chai kupoa kama ningekuacha umalize kusema.

Mama Ombeni nimeshamwambia. Alikuja Jumatatu kuagiza, nikamwambia kabla hajakaa kwamba kipimo cha vihenge hivi ni cha Vero, tangu kile cha kwanza.

Akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii napanda stuli, kumbe mtoto alishasema?"

"Alishasema."

"Nasi tukamcheka."

"Mimi ndiye niliyemdhihaki na zile pembe, mama."

"Hata mimi nilisema neno la sufuria." Akafunga kanga yake upya, unajua anavyofanya akiona haya. "Basi mwambie Mama Ombeni ile sufuria anaitaka."

Na bwana shamba nimempigia simu leo mchana. Nilikaa na simu mkononi kama mtu anayeposa. Nikamwambia lile swali alilouliza nilimjibu uongo, wazo ni la binti yangu, alilitoa akiwa Kidato cha Tano. Akasema sawa fundi, hamna shida. Kwake haikuwa kitu. Kwangu shati lilikuwa limelowa mgongoni.

Sasa lililobaki. Kihenge hiki ninachoandikia kimekwisha. Themanini kwa mia moja na mbili, kinapita mlangoni kwa Mama Ombeni, nimepima. Nimekikata mimi, nimekikunja mimi, nimekilehemu mimi. Karibu na mdomo hakuna kitu. Msumari na nyundo nitaviacha juu yake. Basi linaondoka saa kumi na mbili, na nimemwambia mama yako tutatoka nyumbani saa kumi na moja kamili. Amelalamika, lakini sikumwambia sababu. Kibanda kiko njiani. Kama hutaki kuingia, tutapita tu, sitasema neno, na barua hii utaisoma tena huko mbele ukiwa umetulia. Nitaitia mkononi mwako usiku huu huu ukimaliza kula, ili ujue kabla hatujafika pale.

Ukiingia, fikiria alama yako leo. Isiwe na nukta nyingi, zinachosha mkono.

Ila kabla hujagonga, kagua. Hesabu yote nimeiandika kwa chaki ubavuni mwa kihenge, mstari kwa mstari. Mwishoni mwa daftari lako umeandika kuwa ukishapata sifuri bado hujamaliza, lazima uonyeshe kama umesimama bondeni au kileleni, kama bati ni dogo kuliko yote au kubwa kuliko yote. Unasema unatafuta mabadiliko kwa mara ya pili uone alama yake. Hapo nimejaribu mara tatu, na kila mara nimepata jibu tofauti. Kwa mikono najua ni bondeni, nimekata virefu na vifupi. Kwa chaki sijui. Mstari ule nimeuacha nusu, mkubwa, upande wa mlangoni ambako kila anayepita kwenda stendi atauona.

Sikuufuta.

Ni mimi baba yako, niliyegonga tu.